MTI HUU UNAKUNYWAJE? MWONGOZO KWA MNUNUZI WA MICHE

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wananchi kabla ya msimu wa kupanda miti)

 

Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya bidhaa ambayo wengi wetu huinunua bila maswali mengi, nayo ni mche wa mti. Mtu akienda dukani kununua redio, huigeuza huku na huku, huomba iwashwe, hudai hati ya dhamana. Mtu huyohuyo akifika kwenye kitalu cha miche huuliza mambo mawili tu: bei, na kama mti unakua haraka. Akijibiwa vizuri hulipa, hupakia viriba vyake na kuondoka.

Redio mbovu hujulikana siku ileile. Mche usiofaa hujulikana baada ya miaka mitatu, au hata kumi, wakati muuzaji amekwisha kusahaulika na stakabadhi imepotea. Tena hasara yake mara nyingine haimwangukii mnunuzi peke yake. Huwaangukia majirani wote wanaochota maji bondeni. Kwa sababu hiyo naomba leo tuongeze swali la tatu: mti huu unakunywaje? Ili tulielewe jibu tutakalopewa, hatuna budi kwanza kuingia ndani ya shina na kuona maji yanavyosafiri.

Mabomba ndani ya shina

Mti hauna moyo wala pampu. Ndani ya mbao yake mna mirija midogo isiyohesabika ambayo wanabiolojia huiita zailemu, inayoanzia mizizini na kuishia majanini. Jua linapopiga jani, maji hutoka kwa umbo la mvuke kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye ngozi ya jani. Kila chembe ya maji inayoondoka huivuta iliyo nyuma yake, kwa kuwa chembe za maji hushikamana. Mvuto huo hushuka kutoka jani hadi tawi, kutoka tawi hadi shina, mpaka kwenye ncha ya mzizi ardhini. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1894 na wanasayansi wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, na hadi leo ndiyo msingi wa elimu ya maji ndani ya miti.

Uwezo wa mvuto huo ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Pampu ya kufyonza iliyowekwa juu ya kisima haiwezi kuyainua maji zaidi ya meta 10 hivi. Lakini katika bonde lenye unyevu mwingi la Mlima Kilimanjaro ulipimwa mti wa aina ya Entandrophragma excelsum wenye urefu wa meta 81.5, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2016. Mti huo huyafikisha maji kileleni kila siku ya jua, bila mashine na bila kelele.

Hata hivyo mfumo huu una udhaifu mmoja. Kila aliyekunywa dafu kwa mrija anaufahamu: mrija ukipasuka ubavuni, hewa huingia, na uvute utakavyovuta, maji hayaji. Ndivyo ilivyo kwa mti. Ardhi inapokauka, maji hung'ang'ania udongo, nao mti hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Mvuto ukizidi kiasi, hewa hupenya ndani ya mrija, kiputo hutokea, na mrija huo huacha kufanya kazi. Ukiharibika mmoja, mti haujali. Ikiharibika mingi kwa pamoja, majani ya juu hunyauka, matawi hukauka, na mwisho mti hufa.

Upana na usalama

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mnunuzi wa mche angepaswa kulijua. Mabomba ya miti hayalingani kwa upana, na tofauti ndogo ya upana huleta tofauti kubwa ya maji. Kanuni iliyothibitishwa katika karne ya 19 na Hagen wa Ujerumani na Poiseuille wa Ufaransa inaeleza kuwa kipenyo cha bomba kikiongezeka mara mbili, maji yanayopita chini ya msukumo uleule huongezeka mara 16.

Kwa hiyo mti wenye mabomba mapana huwa na nafasi nzuri ya kukua haraka. Maji mengi yakiyafikia majani, vitundu vya majani hubaki wazi, hewa ya ukaa huingia, chakula hutengenezwa kwa wingi, na shina hunenepa. Gharama ya neema hiyo huonekana wakati wa kiangazi. Maji hupita kutoka bomba moja hadi jingine kupitia vishimo vilivyozibwa kwa utando mwembamba, na bomba kubwa huwa na vishimo vingi zaidi. Palipo na tando nyingi ni rahisi kupatikana moja iliyo dhaifu, ambayo hewa itapenya. Mti wenye mabomba membamba na kuta nene, kwa upande wake, kwa kawaida hukua polepole, lakini huweza kuvuta maji katika udongo mkavu bila mabomba yake kujaa hewa.

Tazameni mpingo. Mbao yake ni nzito kiasi kwamba ikitupwa majini huzama. Anayeupanda huwapandia wajukuu, kwa maana huchukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa kuchongwa. Lakini huishi katika misitu yenye kiangazi kirefu ambako miti mingi ya mbao nyepesi isingeweza kuishi.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba mti mmoja ni hodari na mwingine ni dhaifu. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa aina 226 za miti kutoka maeneo 81 duniani. Ilionekana kwamba asilimia 70 ya aina hizo huishi karibu sana na kiwango cha ukame kinachoweza kuyaharibu mabomba yao, na hali ilikuwa hivyo kwa miti ya misitu ya mvua na kwa miti ya nyika kavu pia. Maana yake ni kwamba miti mingi imejipima kwa mahali pake, na haibebi akiba kubwa ya usalama. Ukiuhamisha mti wa mvua nyingi ukaupeleka kwenye mvua chache, unakuwa umeiondoa hata akiba ndogo iliyokuwapo.

Miti inavyoishi na ukame

Mabomba membamba si njia pekee. Mbuyu umechagua njia nyingine kabisa. Mbao yake ni laini na imejaa maji, nao huyapukutisha majani yake kiangazi kinapoingia ili usipoteze maji. Watafiti waliochunguza mibuyu ya Madagaska mwaka 2006 waliona kuwa akiba ya shinani hutumika hasa kuchipua majani mapya kabla ya mvua, na vitundu vya majani hayo havifunguki sawasawa mpaka mvua inyeshe. Kumbe mti huo mkubwa hutumia maji yake kwa hesabu kali kuliko sisi wenye matangi. Mninga nao hukwepa kiangazi kwa kupukutisha majani.

Mkababu hufanya kinyume. Mti huu, ambao kwa jina la kisayansi ni Faidherbia albida, hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua majani wakati wa kiangazi. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu mzizi wake hushuka chini sana na kuyafikia maji yaliyo mbali na uso wa ardhi. Mkulima mwenye mkababu shambani hupata faida mbili: wakati wa kilimo mti haumzibii mahindi jua, na wakati wa ukame mifugo yake hupata kivuli na malisho.

Ndugu zetu wa pwani wanayo mikoko, miti inayosimama ndani ya maji huku ina kiu. Chumvi ya bahari huyashikilia maji, hata mkoko hulazimika kuyavuta kwa nguvu inayofikia takriban mara 25 ya kanieneo ya hewa kabla ya kupata tone moja. Katika Ghuba ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, wataalamu waliikata mbao ya mkoko wa aina ya Rhizophora mucronata na kuitazama kwa hadubini. Waliona kuwa mbao iliyojengwa wakati wa mvua ina mabomba machache katika kila eneo, na mbao iliyojengwa wakati wa kiangazi, chumvi inapozidi, ina mabomba mengi zaidi. Mabomba yakiwa mengi, baadhi yakijaa hewa bado yapo mengine ya kuendeleza kazi.

Mikoko inatufundisha pia upande wa pili wa jambo hili, yaani ardhi ya majimaji. Mzizi ni kiungo hai na unahitaji hewa. Udongo ukijaa maji kwa muda mrefu, mizizi ya miti mingi hukosa hewa, hushindwa kufyonza, na mti hunyauka huku umesimama kwenye dimbwi. Mchu wa pwani umeotesha mizizi inayochomoza juu ya tope kama vidole ili ipate hewa. Mti wa nchi kavu hauna kifaa hicho. Kwa hiyo mti uliozoea ukame, ukipandwa kwenye mbuga inayotuama maji, unaweza kufa upesi kuliko uliopandwa juangwani.

Fundisho la Mokobulaan

Nimesema kwamba hasara ya mche usiofaa huweza kuwaangukia majirani. Nitaeleza kisa kilichopimwa kwa miaka mingi na kuandikwa. Ni cha Afrika Kusini, lakini miti inayohusika ni ileile tunayoiona katika Nyanda zetu za Juu Kusini: mkaratusi wa aina ya Eucalyptus grandis na msindano wa aina ya Pinus patula.

Mahali paitwapo Mokobulaan palikuwa na vijito vidogo vilivyotiririka kutoka mabonde ya nyasi. Wataalamu wa misitu walipanda mikaratusi katika bonde moja na misindano katika jingine, wakapima maji ya vijito mwaka baada ya mwaka. Katika bonde la mikaratusi maji yalianza kupungua kwa kiasi cha kuonekana katika mwaka wa tatu, na mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Katika bonde la misindano maji yalianza kupungua mwaka wa nne, na kijito kilikauka mwaka wa kumi na mbili. Mikaratusi ilipofikisha miaka 16 ilikatwa yote. Kijito hakikurudi mwaka ule wala uliofuata. Ilipita miaka mitano ndipo kikatiririka tena mwaka mzima kama zamani.

Naomba tuitafakari miaka hiyo mitano. Mti ulikwisha kukatwa na mbao zilikwisha kuuzwa, lakini bonde lilikuwa bado linalipa deni la maji yaliyonyonywa kutoka chini. Mama anayebeba ndoo kichwani hawezi kuambiwa asubiri miaka mitano.

Tunajifunza pia kwamba upana wa bomba si habari yote. Msindano hauna mabomba mapana hata kidogo. Una vijirija vyembamba sana. Lakini hubaki na majani mwaka mzima, hulizidi jani la nyasi kwa urefu wa mzizi, na hauna msimu wa kupumzika kama nyasi zinazokauka kiangazi. Hivyo basi, tukitaka kujua kiu ya mti tunatazama mambo manne kwa pamoja: mabomba yake, wingi wa majani yake, kina cha mizizi yake, na iwapo una msimu wa kupukutisha majani.

Sisemi kwamba mkaratusi ni adui. Umewapatia watu wetu nguzo, kuni na ada za shule. Nasema kwamba una mahali pake, na mahali pake si kwenye chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, bwawa na mwambao wa ziwa. Kwa miti yenye kiu kubwa, tunawashauri muizingatie nafasi hiyohiyo, au zaidi, hata kwa chemchemi ndogo ya kijiji.

Maneno ya muuzaji na maana yake

Mkifika kitaluni mtasikia kauli tatu mara kwa mara. Si lazima ziwe za uongo, lakini zinahitaji kufafanuliwa.

"Unakua haraka." Ulizeni: unakua haraka kwa mvua kiasi gani? Ukuaji wa haraka hulipiwa kwa maji. Mahali pasipo na maji hayo mti hudumaa, au huyatafuta yalipo, ikiwa ni pamoja na kisimani kwako.

"Unastahimili ukame." Kauli hii ina maana zaidi ya moja, kama tulivyoona. Mti unaweza kustahimili kwa kuvumilia kama mpingo, kwa kupukutisha majani kama mninga, au kwa kufuata maji ya chini kama mkababu. Anayetaka kivuli wakati wa kiangazi akiuziwa mti unaopukutisha majani kiangazi atakuwa ameambiwa kweli na bado amekosa alichokitaka. Aidha, mti unaostahimili ukame ukubwani haustahimili ukame ukiwa mche, kwa kuwa mzizi wake bado haujashuka.

"Huu ni mkaratusi." Jina hili linabeba aina zaidi ya 700. Eucalyptus grandis asili yake ni maeneo ya mvua nyingi ya mashariki mwa Australia, na Eucalyptus camaldulensis huota kando ya mito hata katika nchi kavu. Kununua "mkaratusi" bila jina la aina ni kama kununua "dawa" bila kujua ni dawa ya nini.

Maswali sita kabla ya kulipa

1. Jina kamili la mti ni lipi? Liandikwe kwenye stakabadhi, pamoja na jina la kisayansi.

2. Mbegu zilitoka wapi? Aina moja ya mti huweza kuota penye mvua nyingi na penye mvua chache, na miche ya mbegu za mahali palipofanana na kwenu ina nafasi nzuri zaidi.

3. Mti huu hupukutisha majani lini, au haupukutishi kabisa?

4. Mizizi yake huenda chini au husambaa? Jibu litakuonyesha umbali wa kuuweka na nyumba, kisima na mazao.

5. Je, miche imekomazwa? Mche uliolelewa kivulini na kumwagiliwa kila siku hujenga majani laini yanayopoteza maji upesi. Kitalu kizuri hupunguza maji na kivuli kidogo kidogo katika wiki za mwisho kabla ya kuuza.

6. Naweza kuona mizizi? Omba kiriba kimoja kifunguliwe. Mzizi uliojizungusha chini ya kiriba kama kamba hautashuka vizuri, na mti wake utapata shida katika kiangazi cha kwanza.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Asiyeweza kuyajibu, muacheni na miche yake. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Mkishanunua

Pandeni mvua zinapoanza kushika, ili mzizi upate msimu mzima wa kushuka. Ondoeni kiriba chote. Nyunyizeni maji mengi kwa vipindi badala ya kidogo kila siku, kwa sababu maji ya juujuu huufundisha mzizi kubaki juujuu. Wekeni matandazo ya nyasi kavu kuzunguka mche bila kuligusa shina. Tunzeni stakabadhi, na pigeni picha ya miche siku mliyoinunua.

Ikiwa mmeuziwa aina tofauti na iliyoandikwa, mnayo haki ya kulalamika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli za kupotosha katika biashara, nayo haikuitoa miche katika katazo hilo. Rudini kwanza kwa muuzaji mkiwa na stakabadhi na picha. Mkishindwa kuelewana, leteni malalamiko kwa maandishi katika ofisi inayowahudumia walaji.

Ndugu wananchi, mti tunaoupanda mwaka huu huenda ukanywa maji ya ardhi yetu kwa miaka 30 au 50, na kwa mpingo zaidi ya hapo. Ni wachache kati ya vitu tunavyovinunua vitakavyodumu hivyo. Kabla hujauliza bei, nenda kaitazame ardhi yako wakati wa kiangazi na uangalie maji yako wapi, kisha uliza ni nani mwingine anayeyanywa. Ukishayajua hayo, mti wa kununua utakuwa umekwisha kuujua nusu.